Fundi Gramu na Swali la Kumi na Moja

"Hivi dada, mdogo wako ana kesi gani?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, siku moja tukianika nguo. Aliuliza kwa sauti ya chini, amenisogelea, kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa. Nikamwambia sijui kesi yoyote.

"Usinifiche, mwenzangu. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu hapo uani. Anamwambia mkewe kuna watu wawili wanamchunguza, majina yao hayajulikani. Na yeye jina lake limefichwa. Halafu kuna mkubwa mmoja ndiye atakayeamua. Nikasema mama yangu, hiyo siyo kesi ya kuku. Tangu siku hiyo namwombea."

Nilicheka mpaka shati likaniponyoka mkononi likaanguka chini, ikabidi nilifue upya. Lakini nilimwambia aendelee kumwombea vilevile. Jambo lenyewe halikuwa la mahakamani, ila lilikuwa limemkaba mdogo wangu kooni, na mimi nilikuwa nalitaja mbele ya Mungu kila asubuhi kabla sijawasha moto.

Mdogo wangu ni fundi wa vifaa hospitalini. Sisi tumezaliwa watano, yeye ndiye kitinda mimba, nami nimemzidi miaka minane. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alisoma chuo cha ufundi miaka miwili akapata cheti, na sasa ana miaka ishirini na miwili kazini. Chumba chake kipo nyuma ya dobi la hospitali, kina dirisha moja, na mchana kutwa kinanukia mashuka ya moto. Bisibisi amezitundika ukutani kwa kufuata urefu wake. Akifungua kifaa, skrubu anazipanga kwenye kifuniko cha kopo kama alivyozitoa, na ole wako upite karibu na kanga inayoburuzika.

Wauguzi wamempa jina la Gramu. Wanasema lilianza siku muuguzi mmoja alipomwambia, "Fundi, mizani hii nzima, inakosea gramu chache tu." Naye akauliza, "Chache ngapi?" Yule akacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale na daftari lake akisubiri jibu. Mpaka leo mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akikasirika humwita Bwana Gramu, na akifurahi humwita hivyohivyo, unalazimika kumtazama uso ndipo ujue.

Basi, mambo yalianza na mtoto mchanga aliyepimwa mara mbili asubuhi moja. Mizani ya chumba cha kujifungulia ilisema ana gramu elfu mbili mia nne na sitini. Wakampandisha na mama yake wodi ya juu, wakampima tena, ikawa elfu mbili mia tano na ishirini. Muuguzi wa juu akapiga simu kwa fundi.

"Gramu, njoo unieleze. Mtoto ameongezeka gramu sitini kwa kupanda ngazi? Maana kama ni hivyo, na mimi naanza kushuka leo, nipungue."

Hospitalini kwetu, mtoto akiwa chini ya gramu elfu mbili na mia tano anahesabiwa mdogo. Anatolewa kwa mama yake anapelekwa chumba cha uangalizi. Akifika hapo au kuzidi, anaachwa kifuani kwa mama, na kesho yake wanakwenda nyumbani. Kwa hiyo mtoto yule, kwa mizani moja alikuwa wa kutengwa, kwa mizani nyingine alikuwa wa kwenda nyumbani. Mtoto ni yuleyule na nepi ni ileile.

Gramu hakulala kwenye jambo hilo. Aliorodhesha mizani zote za watoto, za hospitali na za zahanati zilizo chini yake, akapata thelathini na nne. Kwa miezi mitatu alizizungukia na jiwe lake la mizani la kilo mbili, jiwe la chuma alilorithi kwa fundi mkubwa wake alipostaafu. Kila mizani aliipima mara tatu na kuandika. Mizani iliyokosea zaidi ya gramu ishirini aliiita mbovu. Alipomaliza, mbovu zilikuwa ishirini na moja, na karibu zote zilikuwa zinapunguza.

Akaenda kwa mganga mkuu wa hospitali na ombi lake: kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, muuguzi aweke jiwe kwenye mizani, aandike inachosema. Dakika mbili tu.

Mganga mkuu si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimkaribisha kiti. Akafungua daftari, akalisoma lote, kisha akasema, "Fundi, nakuheshimu. Lakini umepima wewe, umehesabu wewe, umeamua wewe. Nani mwingine ameangalia?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nitabadilishaje kazi za wodi zote na zahanati zote kwa neno la mtu mmoja? Andika. Peleka kwenye jarida la wataalamu, wasome watu wasiokujua. Wakiikubali, njoo, nitaubadilisha utaratibu siku hiyohiyo. Wakiikataa, tusilirudie tena."

Mwingine angeona amefukuzwa kiungwana. Mdogo wangu alikuja kwangu jioni ile, akaketi kwenye kizingiti cha jiko akiwa bado na ovaroli, akasema, "Dada, naandika."

Alikuwa hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko ripoti ya pampu. Ilimchukua miezi minne. Mkewe ndiye aliyemnyooshea lugha kwa kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia madaftari ya darasa la nne. Nyumba zetu zinatazamana, ua ni mmoja, nikawa nawasikia.

"Bwana Gramu, hapa umeandika mizani ni mwongo. Mizani si mtu."

"Inasema uongo."

"Andika inakosea."

"Kwa gramu ngapi?"

"Ungeandika hizo gramu mapema tusingekuwa tunabishana!"

Utaratibu wa jarida alinieleza yeye mwenyewe, nami naueleza kama nilivyouelewa. Makala ikifika, karani anaipa namba. Mhariri, ndiye mkubwa wao, anaisoma kwanza aone kama inafaa kusomwa na wengine. Ikifaa, wanafuta jina la mwandishi na mahali anapofanyia kazi, wanaituma kwa watu wawili wanaoijua kazi hiyo. Hao wanaitwa wahakiki. Hawaambiwi mwandishi ni nani, wala mwandishi haambiwi wao ni nani, na hawalipwi kitu. Kila mmoja anaandika peke yake anachokiona: kizuri, kibaya, kisichoeleweka. Mhariri anasoma walichoandika, ndipo anaamua moja kati ya matatu: tunaichukua, irekebishwe iletwe tena, au hatuitaki.

Mimi nilipenda hapo pa kuficha jina. Nikamwambia, "Kwa hiyo hawatajua kama wewe ni fundi wa nyuma ya dobi?"

"Hawatajua hata kama ni mwanamume."

"Basi watakusoma kwa haki."

"Watanisoma kwa ukali," akasema. "Lakini sawa."

Makala ilikwenda, na baada ya wiki mbili ikarudi. Karani aliandika kwa adabu kwamba jina la mwandishi limefutwa kila ukurasa isipokuwa kwenye picha namba mbili. Tukaitazama picha. Ilikuwa picha ya mizani ya wodi ya juu, na ubavuni ilikuwa na kibandiko anachobandika kwenye kila kifaa alichotengeneza, kwa herufi kubwa, IMEPIMWA NA GRAMU.

Wifi yangu alicheka mpaka akaketi chini. "Mwizi kaacha kitambulisho dirishani!"

Picha ikapigwa upya, makala ikaenda tena, na safari hii ikapokelewa. Baada ya hapo kukawa kimya. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Jirani yangu, ingawa nilishamweleza, alishikilia lake. "Kesi imefikia wapi?" aliniuliza kila tukikutana bombani. Nikawa namjibu kwamba mashahidi bado. Na hospitalini watoto waliendelea kupimwa kwa mizani zilezile. Hilo ndilo lililomnyima raha. Alikuwa akitengeneza alizoruhusiwa kutengeneza, lakini bila mtu wa kuziangalia kila siku zilikuwa zinarudi kulekule, maana mizani ya mtoto husukumwa, huangushwa, humwagiwa maji, na anayeisukuma haandiki popote.

Majibu yalikuja mwezi wa tano. Mhakiki wa kwanza aliandika mistari minne: kazi nzuri, inahitajika, ichapishwe. Mhakiki wa pili aliandika kurasa mbili na nusu, maswali kumi na saba, kila moja na namba yake. Mhariri akasema irekebishwe, kila swali lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku sitini, na makala itarudishwa kwa wahakiki walewale.

Sijawahi kumwona mdogo wangu amekasirika namna ile. Alizunguka ua na zile karatasi kama mtu anayetafuta mahali pa kuzitupa.

"Huyu hajawahi kushika bisibisi maishani mwake! Ananiuliza kwa nini nilipima asubuhi. Ananiuliza mizani zilikuwa juu ya meza gani. Meza gani! Anadhani nilizipima zikiwa mtini?"

"Na zilikuwa juu ya meza gani?" mkewe akauliza.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mbili zilikuwa juu ya kitanda."

"Andika."

Nikamwekea kiti, nikamletea maji. Nikamwambia maneno machache tu, kwamba mtu aliyeandika kurasa mbili na nusu amekaa na kazi yake muda mrefu kuliko yule wa mistari minne, na hakuna anayekaa muda wote huo na kitu asichokijali. Siku iliyofuata alipiga moyo konde, akaanza swali la kwanza.

Baada ya wiki tatu akampa mkewe majibu ayakague. Mkewe akahesabu kwa kidole kama anavyohesabu madaftari ya wanafunzi wake.

"Maswali kumi na saba. Majibu kumi na sita. La kumi na moja liko wapi?"

"Hilo ni la kijinga."

"Nisomee."

Akasoma, huku amekunja uso. Mhakiki wa pili aliuliza hivi: Mwandishi amepima mizani zote kwa jiwe moja. Jiwe hilo lilipimwa na nani, lini, na hati yake iko wapi?

"Jiwe ni jiwe," akasema mdogo wangu. "Limeandikwa kilo mbili kwa chuma chenyewe. Nimekaa nalo miaka tisa."

"Sawa. Andika hivyo: jiwe ni jiwe. Tuone mhariri atasemaje."

Hakuandika.

Asubuhi yake alilifunga jiwe kwenye taulo, akalitia kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nakwenda kuchukua miwani yangu, na ofisi ya vipimo ipo mtaa huohuo, tukaongozana. Ofisini tulikuta binti mmoja, afisa, amevaa glavu nyeupe. Alilipokea jiwe kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Akaliacha saa nzima lizoee baridi ya chumba, sisi tukakaa kwenye benchi. Kisha akaliweka kwenye mizani iliyo ndani ya sanduku la kioo, akafunga mlango wake mdogo, akangoja namba zitulie.

Akaandika. Akalitoa, akalirudisha, akaandika tena. Mara ya tatu akamgeukia mdogo wangu.

"Mzee, hili jiwe unalitumia kwa kazi gani?"

"Kupimia mizani za watoto wachanga."

"Lina gramu elfu moja mia tisa themanini na mbili. Limepungua kumi na nane."

Akaligeuza kitako juu. Kitakoni mna tundu dogo, upana wa ncha ya kidole. "Hapa ndani huwa panazibwa kwa risasi," akasema. "Wakilitengeneza jiwe huwa jepesi kidogo, wanamimina risasi iliyoyeyushwa mpaka itimie kilo mbili kamili. Risasi ya hili imedondoka."

"Nilidhani limeumbwa hivyo," mdogo wangu akasema.

"Wengi wanadhani."

Alitazama lile tundu, akaingiza kidole, akakitoa. "Miaka tisa," akasema. Akalifunga tena kwenye taulo, tukarudi nyumbani, na miwani yangu nilisahau kuichukua.

Hesabu zake nilizielewa jioni ile aliponichorea kwenye vumbi. Jiwe likiwa jepesi, mizani iliyo nzima, inayopunguza gramu tatu tu, inaonekana inapunguza ishirini na moja, basi unaiita mbovu bure. Na mizani inayozidisha uzito inaonekana nzima, unaipita na kibandiko chako unakibandika.

Mkewe, mtu wa kutafuta njia, akasema, "Si uongeze hizo kumi na nane kwenye kila namba? Hesabu ya darasa la tatu."

"Sijui risasi ilidondoka lini. Labda miaka mitano iliyopita. Labda nikiwa katikati ya kupima, nusu ya mizani nimezipima kwa jiwe zima na nusu kwa jiwe bovu. Sina njia ya kujua."

"Ukiwaambia hivyo watakutupa nje. Na mhakiki wa kwanza ameshaikubali!"

"Aliikubali na jiwe bovu, mke wangu."

Nilijua kilichokuwa kinamzunguka wifi yangu kichwani, kwa sababu na mimi kilinizunguka, nisijitakase. Hakuna aliyejua habari za jiwe ila sisi watatu na yule binti wa glavu. Afisa wa vipimo angelijaza risasi kesho, akatoa hati safi, na hati ingeambatishwa kwenye jibu la kumi na moja, na mambo yangepita. Lakini ingepita makala yenye mizani nzima zinazoitwa mbovu, na mbovu zinazoitwa nzima, na mganga mkuu angebadilisha utaratibu kwa kuitegemea. Niliingia ndani nikapiga magoti. Sikuomba makala ipite. Niliomba mdogo wangu asije akashawishika, wala sisi tusimshawishi.

Nilipotoka alikuwa ameshaandika. Barua yake naikumbuka kwa sababu alinisomea: "Mheshimiwa mhariri, kuhusu swali la kumi na moja la mhakiki wa pili. Sikuwa nimelipima jiwe. Nimelipima sasa, limepungua gramu kumi na nane, na sijui tangu lini. Kwa hiyo namba nilizowaletea siziamini. Naomba muda wa kupima upya mizani zote thelathini na nne. Kama haiwezekani, naomba muiondoe makala yangu."

Siku nne baadaye mhariri alijibu kwa mistari miwili. Ameongezewa siku tisini, na barua yake imepelekwa kwa wahakiki wote wawili.

Hapo mdogo wangu alifunga kibwebwe. Ofisi ya vipimo ilimwazima jiwe lenye hati, kwa saini, kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa ndani, alirudishe kila Ijumaa. Alikwenda zahanati moja baada ya nyingine, nyingine kwa miguu akiwa amelikumbatia sanduku. Mizani zote aliziweka juu ya meza moja ya kukunja aliyokwenda nayo, ili asiulizwe tena habari za meza. Na safari hii hakusoma namba peke yake. Alisoma yeye, akaandika, akageuka. Muuguzi akasoma, akaandika karatasi yake mwenyewe. Walipomaliza ndipo wakalinganisha.

Muuguzi wa wodi ya juu alimtania. "Gramu, siku hizi unaniamini?"

"Sikuamini. Na mimi sijiamini. Ndiyo maana tuko wawili."

"Makubwa! Ningekuwa mkeo ningekuacha."

"Mke wangu ana kalamu nyekundu. Wewe una nini?"

Namba zilipotimia, zilikuwa nyingine kabisa. Katika zile ishirini na moja alizoziita mbovu, kumi na mbili zilikuwa nzima. Tisa zilikuwa mbovu kweli. Na kati ya kumi na tatu alizoziita nzima, tatu zilikuwa zinazidisha, moja kwa gramu thelathini na nne. Hiyo ilikuwa katika zahanati ya mbali, ambako mama akijifungua asubuhi anaondoka jioni.

Alikuja nyumbani na uso wa majivu. "Zile zinazopunguza zinamtenga mtoto na mama yake bure," akaniambia. "Hizi tatu zinamrudisha nyumbani mtoto mdogo, watu wakidhani ni mkubwa. Na zote tatu zina kibandiko changu."

Hakungoja jarida. Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwa mganga mkuu.

"Naomba hizi tatu ziondolewe leo."

"Fundi, hizi uliniambia mwenyewe ni nzima."

"Nilikosea. Hii hapa hati ya jiwe, na hizi karatasi za wauguzi."

Mganga mkuu alizitazama, akapiga simu, na kabla ya saa sita mizani tatu zilikuwa kwenye chumba cha nyuma ya dobi. Lakini juu ya utaratibu wa kila asubuhi hakulegeza. "Tulipatana jarida," akasema. "Na sasa ndiyo naona kwa nini." Mdogo wangu hakubisha. Alisema angekuwa yeye kwenye kiti kile angesema vivyo hivyo.

Makala ikaandikwa upya, karibu yote. Habari ya jiwe aliiweka ndani, aya nzima, hakuificha pembeni. Ikarudi kwa wahakiki. Mhakiki wa kwanza akasema anaikubali, na akaomba radhi kwamba yeye hakuuliza habari za jiwe. Mhakiki wa pili akaandika: "Swali la kumi na moja limejibiwa. La kumi na mbili bado."

Wifi yangu alishika kiuno. "Huyu mtu ameoa, au ameolewa? Maana mwenzake ana kazi."

Safari hii Gramu alicheka. Swali la kumi na mbili lilisema mwandishi ameandika kwamba watoto wamedhurika, ilhali hakupima madhara, amepima mizani, aseme alichopima. Alikaa nalo jioni mbili. Lilimuuma, kwa sababu moyoni alijua wapo waliodhurika. Lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha hata mmoja. Akafuta ile sentensi, akaandika ni mizani ngapi, kwa gramu ngapi, basi.

Barua ya mwisho ilifika asubuhi ya Jumanne, mwaka mmoja na miezi miwili tangu apeleke ile picha yenye kibandiko. Mhariri alisema wanaichukua. Wahakiki hatukuwajua, na mpaka leo hatuwajui. Huwa nawaombea bila majina. Mungu anajua ni akina nani.

Ilipotoka, mganga mkuu alitimiza neno lake. Aliwaita wakuu wa wodi na wa zahanati kwenye ukumbi wa mikutano, na ndugu tukaruhusiwa kukaa nyuma. Makala ilikuwa mezani, jina la mdogo wangu juu, na chini yake: fundi wa vifaa, idara ya matengenezo. Mganga mkuu akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto atakayepimwa kabla mizani haijapimwa. Muuguzi mmoja mzee akanung'unika kwamba wameongezewa kazi, mwingine akamwambia dakika mbili anazimaliza akitafuta kalamu. Kukawa na kelele kidogo, kisha mganga mkuu akamwuliza fundi kama ana neno.

Alisimama. Si mtu wa kusema mbele ya watu, nikaona vidole vyake vinatafuta mfuko wa ovaroli ambayo siku hiyo hakuivaa.

"Naomba mawe ya wodi zote yapelekwe ofisi ya vipimo kila baada ya miezi sita," akasema, "na naomba nisiyapeleke mimi, ayapeleke mtu mwingine, na hati aisome yeye kwanza."